Mbwa ya Kufunguliwa Sabato

Naandika na mkono moja. Ule mwingine umeshika kamba ya Simba, na Simba imelala hapa, kichwa juu ya gambuti yangu, kama mbwa haina kesi yoyote duniani. Watoto wa jirani wananichungulia kwa ua. Nikiinua macho wanakimbia.

Leo ni Ijumaa. Mvua imenyesha asubuhi ikaacha, sasa kuna jua kidogo, lakini huko juu ya kilima cha Manga ukungu bado umekaa. Jua likizama Sabato itaingia, na kabla iingie hii mbwa lazima iwe imetoka kwa hii boma. Ikiwa hai ama ikiwa imekufa. Daktari wa ng'ombe ameambiwa akae karibu na sindano yake.

Mimi si mtu wa kuongea. Hata hapa naandika kwa simu na bado naona aibu, na hakuna mtu ananiangalia. Shule niliacha darasa la sita, kwa hivyo mkiona nimekosea mnivumilie, naandika tu venye naongea kichwani.

Nafanya kazi hapa kwa Mzee Ombui. Nakamua ng'ombe, nakata nyasi, na kama wachumaji wamepungua naingia pia kwa majani chai. Mzee ni mzee wa kanisa, Msabato kabisa, na ni mtu mzuri. Nataka hiyo ijulikane kwanza. Hajawahi nitukana. Tunakula meza moja.

Kama hujakaa na Wasabato sijui kama utaelewa hii maneno. Ijumaa mchana viatu vinapakwa rangi, chakula ya kesho inapikwa, nyasi ya kesho ya ng'ombe inakatwa, panga na jembe zinawekwa ndani. Jumamosi tukishakamua, watu wote wanaenda kanisa mpaka jioni. Mimi ni Mkatoliki, lakini mzee hataki mtu wake afanye kazi siku hiyo, kwa hivyo naambiwa niende kwetu nikapumzike. Boma inabaki bila mtu. Na wezi wa ndizi wa huku wanajua saa za kanisa kuliko pasta.

Ndiyo Simba ikaletwa.

Mzee alitoa watoto wawili wa mbwa huko Nyansiongo, kwa mtu wa ng'ombe za maziwa, akawaleta ndani ya katoni. Mama yao ni ile mbwa ya polisi ya masikio ya kusimama. Watu wa hapa wanaiita mbwa ya mzungu, juu mashamba ya huko zamani yalikuwa ya wazungu, hata kama mwenye shamba sasa ni Mkisii kama sisi. Mmoja akapelekea rafiki yake wa siku nyingi, Mhindi wa hadiwea, ile duka ya misumari na mabati, huko Suneka. Mmoja akabaki hapa.

Huku kwetu kuna njia ya kulea mbwa ya boma na kila mtu anaijua. Mbwa isizoee watu. Ikizoea watu imeharibika, mwizi akija itampokea na mkia. Kwa hivyo tulijengea Simba kibanda nyuma ya zizi, tukafunika mbele na magunia ndio isione njia na isione wageni. Chakula nilikuwa napeleka mimi peke yangu. Jumapili mpaka Ijumaa iko ndani, imefungwa. Jumamosi wakishavaa nguo za kanisa, mzee mwenyewe anafungua kamba, anafunga geti, wanaenda.

Magunia nilipiga misumari mimi. Sikuona kama ni kitu mbaya. Boma zingine wanaongeza pilipili kwa ugali ya mbwa ndio ikuwe kali, na sisi hatukuweka hata pilipili. Nilikuwa naona sisi ni watu wa huruma.

Halafu kuna ile Jumamosi mwizi wa ndizi aliruka ua. Simba ilimpasua suruali kutoka kiunoni mpaka chini, akaenda hivyo hivyo. Jioni watu walikuja kuangalia kile kipande cha suruali. Mzee alingoja Sabato iishe, akachukua msumari akakipigilia kwa ukuta wa ghala, na Simba ikapewa mfupa mkubwa. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu.

Hiyo siku hakuna mtu alisema damu ya Simba ni mbaya.

Sasa Moraa.

Moraa ni mtoto wa darasa la nne, anakaa na nyanya yake hapo ng'ambo ya ua. Hao ni Wakatoliki, Jumamosi kwao ni siku ya kufua. Kuku yao ilipita chini ya ua ikaingia huku kwetu, na mtoto akaifuata. Mimi nilikuwa nimeenda kwetu. Mzee alikuwa kanisa. Onyancha, huyu wa bodaboda, ndiye alisikia mayowe akaingia na fimbo, akambeba mtoto mpaka hospitali, damu imejaa kwa jaketi yake. Simba ilikuwa imemshika mkono hapa juu ya kiwiko, na paja.

Niliona huo mkono wakati walikuwa wanabadilisha bandeji. Sitaandika venye ulikuwa.

Alianza kudungwa zile sindano za kichaa cha mbwa. Daktari wa ng'ombe akasema Simba isiuawe kwanza, ifungwe, aiangalie kama ina kichaa, ndio wa hospitali wajue. Kila mtu akangoja. Simba ikakula, ikanywa maji, ikalala. Haikuwa na kichaa. Nilifikiri watu watafurahi kusikia hivyo, lakini ni kama walikasirika zaidi. Kama ingekuwa ugonjwa, kila kitu ingeisha hapo. Sasa ikabaki swali, na swali ikapelekwa kwa naibu wa chifu.

Huo mkutano ulikuwa jana. Mimi nilisimama nyuma kabisa karibu na mlango.

Mzee Ombui alisimama na kofia mkononi. Akasema pesa ya hospitali ya mtoto atalipa mpaka mwisho, hiyo si neno. Akasema kosa lake ni moja tu. "Nilileta damu nisiyoijua. Hii ni mbwa ya mzungu. Hizi zilifundishwa kuuma watu tangu zamani, iko kwa damu. Tutaiua, na mimi nitaleta ya kienyeji."

Wazee wakaitikia na kichwa. Damu, damu. Mwingine akasema ata ng'ombe ya gredi, ile ya kizungu, ina tabia yake.

Onyancha hawezi nyamaza, hata kama ni kwa chifu. Akasema, "Lakini mzee, kwako Sabato ni ya kila mtu. Wewe umepumzika, kibarua amepumzika, ng'ombe imepumzika, hata jembe imelala. Ni Simba peke yake iko kazini. Si ungeibatiza pia?"

Watu walicheka vibaya. Mzee akamwambia, "Wewe nyamaza. Siku yako ya kusali ni ile umeanguka na pikipiki."

Hapo ndio nyanya ya Moraa aliongea. Alikuwa hajacheka. Akasema, "Mambo ya damu mimi sijui. Nataka kuuliza tu. Hiyo mbwa, ilijua Moraa ni mtoto?"

Naibu wa chifu alishika kalamu akaangalia nje.

Jibu ilikuwa kwangu. Haikujua. Watoto wa mzee ni watu wazima, wako Nairobi. Wajukuu huja Krismasi, na wakija Simba inabaki nyuma ya magunia. Hiyo mbwa haijawahi ona mtoto tangu itoke kwa katoni. Kile ilikuwa inajua ni watu wa boma, na mtu anayekuja Jumamosi. Na mtu wa Jumamosi kila wakati amekuwa mwizi, na ukimshika unapewa mfupa.

Nilikuwa najua hiyo yote juu mimi ndiye nilikuwa naiangalia kila siku. Nikanyamaza. Watu walikuwa wengi.

Naibu wa chifu akasema kabla Sabato iingie mbwa itoke ama iuawe, na haiwezi toka ikiwa hai kama huyu mama, nyanya ya Moraa, hajakubali. Tukaenda nyumbani. Mzee alitembea mbele yangu.

Sijui kwa nini nilianza kufikiria ile nyingine, ndugu yake ya Suneka. Kuna siku mzee alinituma huko misumari ya mabati. Nikafika kwa mlango wa hadiwea nikasimama. Nikaona ni kama Simba yetu imelala hapo kwa ngazi. Masikio ni yale, ile alama nyeupe ya kifua ni ile ile. Watu walikuwa wanairuka wakiingia. Kuna mtoto wa mteja alikuwa ameikalia mgongoni, anaivuta sikio, na mbwa imefunga macho tu.

Niliogopa kupita. Yule Mhindi akaniona akacheka. Akasema, "Pita, kijana! Hii imekua kwa duka. Watu wanaingia asubuhi mpaka jioni. Ikitaka kuuma wote itachoka."

Halafu akaacha kucheka, akamshusha yule mtoto polepole. Akaniambia, "Lakini mimi nikiwa hapa tu. Mbwa na mtoto peke yao siwaachi. Iangalie mdomo. Ikikosea, haikosei kidogo."

Hiyo maneno yake ya pili ndio imekuwa ikinirudia.

Kwa sababu huko kwetu kuna mbwa ya nyanya yangu, ndogo, ya kienyeji kabisa, rangi ya matope. Hiyo imeuma mimi. Imeuma mtu wa stima. Imeuma pasta, tena akiwa anaomba. Hakuna mkutano uliitwa. Unapaka mafuta ya taa, unacheka, unakunywa chai. Kama ni ukali, hiyo inashinda Simba mbali sana. Tofauti ni kwamba mdomo wake unatosha tu kisigino.

Kwa hivyo siwezi sema damu si kitu. Nitakuwa nadanganya. Damu ilileta ule mdomo mkubwa, na mtu akileta mdomo kama huo kwa boma ya watu ni lazima ajue ameleta nini. Lakini ndugu yake ina mdomo huo huo na imelala kwa ngazi. Kuona kila mtu kama mwizi, hiyo Simba haikutoka nayo Nyansiongo. Tuliifundisha hapa, na tuliifundisha vizuri.

Na mzee akileta ya kienyeji tufanye vile vile, tutapata nini? Mwizi ataumwa kidogo, mtoto ataumwa kidogo.

Leo asubuhi tulikuwa tunakamua, mimi na mzee, kila mtu na ng'ombe yake. Mvua inapiga mabati. Nafikiri ni ile kelele ya mvua ilinisaidia, na pia nilikuwa naangalia tumbo ya ng'ombe, sikuwa naangalia mtu.

Nikasema, "Mzee."

"Mm."

"Simba haijawahi ona mtoto."

Akaendelea kukamua. Nikafikiri hajasikia. Halafu akauliza, "Nani amekutuma?"

"Hakuna mtu."

"Jana hayo maneno uliyaacha wapi?"

"Watu walikuwa wengi, mzee."

Akatoa sauti kama ya kucheka lakini haikuwa kucheka. Akasimama na ndoo. "Omwana one," akaniambia, na huwa haniiti mtoto wake, "mtu akisema mbwa ni mbaya, mimi naua mbwa na nalala. Akisema ni mimi nimeiharibu..." Hakumaliza. Alimimina maziwa kwa kopo polepole sana, akakung'uta ndoo ata kama ilikuwa imeisha. Kisha akasema nikipata mtu wa kuichukua na yule mama akubali, niichukue. Jua likizama hataki kuiona.

Nilipigia simu yule Mhindi wa Suneka. Nikasema yote haraka, hata pale mtoto aliumwa sikuficha. Akasema, "Lete nione. Nitaifunga nyuma ya duka, ione watu na watu wasiifikie. Pole pole. Lakini ikishindikana, kijana, nitaita daktari mimi mwenyewe. Sitaki kukudanganya."

Nikasema sawa. Ni sawa kweli. Ningekuwa yeye ningesema hivyo.

Ikabaki nyanya ya Moraa.

Nilizunguka nyumba yake kwanza kabla nipige hodi. Alikuwa kwa jikoni anamenya ndizi za kupika. Hakuniambia nikae.

"Umekuja kuombea mbwa."

"Ee, Mama."

"Mtoto wangu hawezi shika kalamu, anaruka akisikia hata mbuzi, na wewe unakuja kuombea mbwa."

Nilitaka kurudi. Miguu ilikuwa imeshageuka. Nikamwambia, nikiangalia zile ndizi, "Mama, uliuliza jana kama ilijua ni mtoto. Haikujua. Haijawahi ona mtoto. Tuliifungia ndani isione mtu. Yale magunia ni mimi nilipigilia."

Akamenya moja akamaliza. Akachukua ingine.

"Kama mbwa haikujua," akasema, "ni nani alikuwa anafaa kujua?"

"Ni sisi."

"Ni nyinyi." Akaweka kisu chini. "Jana nilikaa pale mchana mzima nikingoja mtu mmoja aseme hivyo. Wanaume wote wale, wananiambia damu, damu. Damu niliona mimi ni ya Moraa."

Mwishowe akasema niipeleke, atamwambia naibu wa chifu. Lakini nisiipitishe mbele ya nyumba yake, nizungukie huko chini kwa majani chai. Na nisiwahi kumwambia tena ati haikuwa na makosa, juu ule mkono ndio anauosha yeye.

Nikasema asante nikageuka, na Moraa alikuwa amesimama nyuma ya mlango, amejificha nusu. Nywele zimesukwa, mkono umefungwa bandeji mpaka bega. Akaniuliza kitu sikutarajia. Akauliza kama Simba ilimuuma juu alikimbiza kuku siku ya Sabato. Ati watoto shuleni wamemwambia hivyo, kwamba alivunja Sabato ya watu.

Nikachuchumaa. Mimi watoto pia naonanga aibu kuongea nao. Nikamwambia, "Hapana. Wewe hukukosa kitu. Kuku pia haikukosa. Wakubwa ndio walikosa."

"Itarudi?"

"Haitarudi."

"Ata Krismasi?"

"Ata Krismasi."

Akaingia ndani. Sijui kama ameniamini, lakini aliniangalia kwa uso, na mimi nikamwangalia.

Nikaenda nikatoa magunia, nikatoa Simba nje mchana wa Ijumaa, kitu haijawahi fanyika. Nilifunga mdomo wake na kitambaa vizuri, isiume mtu mwingine. Nikaipitisha huko kwa majani chai, venye niliahidi Mama, mpaka karibu na senta ya maduka na kurudi, ndio ianze kuona watu. Watu walipanda ua. Mwanamke mmoja aliacha kikapu chake akakimbia. Nilifikiri Simba itavuta, itanguruma. Haikuvuta. Ilikuwa inatembea imejibana kwa mguu wangu, mkia chini, inatetemeka kila mtu akipita. Nilikuwa sijui inaweza ogopa. Miaka yote nimeilisha na sikujua hiyo.

Imetetemeka mpaka tumefika hapa, ndio ikalala.

Mzee amepita saa hii, hajaniangalia. Ameniambia tu Jumapili analetewa mtoto wa mbwa, ya kienyeji, damu safi. Ni mimi nitapokea. Akasema kibanda kirudishiwe magunia, mvua isiingie. Alisema mvua. Nimeshika hiyo neno, lakini najua, na yeye anajua, magunia hayakuwa ya mvua.

Maneno ya asubuhi yalitoka na ng'ombe imenikinga uso. Ya kwa Mama niliongea na ndizi. Jumapili sijui nitaongea nikiangalia nini. Labda itabidi niangalie mzee mwenyewe. Hiyo ndio nafikiria.

Huko chini kwa barabara pikapu ya ndizi imefika, imepiga honi mara ya pili. Dereva pia ni Msabato, lazima aende Suneka arudi kabla jua lizame, na amesema hangojei mtu wala mbwa. Amekubali kutubeba tu kama mimi nitakaa nyuma katikati ya mikungu na kushika kamba mwenyewe mpaka kwa hadiwea. Simba imesimama. Masikio yako juu, inatafuta ile honi imetoka wapi, halafu inaniangalia.

Haijawahi panda gari. Lazima niende sasa, nitangulie kupanda mimi, niiite.